MC Maarufu wa Dar, Mama Yake wa Kibosho na Njiti za Kiberiti

Mjini Dar kuna MC mmoja, jina kapuni, ambaye ukimwona ukumbini ujue kamati ya harusi ilichangisha vizuri. Suti kali, kiatu kinang'aa, sauti ina mikwaruzo kidogo ambayo akina dada wanaipenda. Ni Mchaga wa Kibosho na hafichi. Kichekesho chake kikubwa, kile ambacho watu hukiomba hata keki haijakatwa, kilikuwa cha mama yake mzazi. "Mama yangu ana miaka sabini na nane," anaanza, na ukumbi tayari umeshaanza kucheka, "lakini mpaka leo anamkumbuka jirani aliyemkopa kilo ya sukari mwaka 1983. Na riba ameshapiga!"

Waliokuwepo 1983 hucheka zaidi, maana wanajua sukari ilivyokuwa dhahabu na foleni za duka la ushirika zilivyokuwa. Na kichekesho chenyewe kilikuwa cha kweli. Mama alimkumbuka huyo jirani kwa jina, na kanga aliyokuwa amevaa siku hiyo anaitaja. Hapo ndipo MC alipoponzwa.

Miaka mitatu kabla ya mambo haya, alimjengea mama yake nyumba. Si nyumba ya kubahatisha. Pale pale kwenye kihamba cha baba yake, katikati ya migomba na kahawa, iliota nyumba ya vyumba vinne, bati la rangi, na chini marumaru zile ambazo ukiinama unaona meno yako. Siku ya kuifungua padri alibariki, ndafu wawili walilala mezani, mbege ikanywewa mpaka wazee wakaanza kuimba. Picha zilizagaa mtandaoni wiki nzima. Mtoto amemtoa mama yake kimasomaso, watu wakasema. Nyumba ya zamani, ya mbao na sakafu ya udongo, ikageuzwa stoo ya majani ya ng'ombe.

Kitu ambacho hakuna aliyekiuliza ni jinsi mama atakavyotoka kitandani kwenda chooni usiku. Kwenye nyumba ya zamani alifanya safari hiyo zaidi ya miaka arobaini. Mkono ukutani, mlango unalia, hatua chache kupita mgomba wa kwanza, umefika. Hakuhitaji taa, miguu yenyewe ilikuwa inajua. Kwenye nyumba mpya choo kilikuwa ndani, karibu zaidi na kizuri zaidi, na miguu haikukijua.

Kila Jumapili baada ya misa MC alipiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hamjambo huko? Watoto hawajambo? Mvua zinanyesha? Haya, Mungu awabariki." Dakika tatu, nne, kwisha. Mama mzima kabisa! Kumbe salamu zetu zina njia yake, ukishaingia zinakupeleka zenyewe mpaka mwisho. Mtu anaweza kuwa amepoteza mengi sana na salamu bado anazo zote. Ukimsikiliza kwenye simu utaapa hana tatizo.

Desemba ndo hivyo hivyo. Wachaga wote wamepanda mlimani, magari yamejaa mpaka kwenye migomba, mama kakaa kwenye kiti chake katikati ya wajukuu. "Bibi, huyu unamkumbuka?" "Namkumbuka sana," anajibu na kucheka, na hamkumbuki. Picha inapigwa. Tarehe tano Januari wote wameshashuka.

Anayebaki ni shemeji. Kwa mila za Kichaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki kwenye kihamba cha baba, na mke wake ndiye anayebaki na wazee. Mdogo wake MC ni dereva wa malori, leo yuko Tunduma, kesho kutwa yuko Rusumo. Kwa hiyo tuseme ukweli, mama alikuwa wa shemeji peke yake.

Na shemeji aliona. Sufuria mbili zimeungua kwa wiki moja. Chumvi kwenye chai. Hela imefichwa kwenye kopo la unga, halafu imeibiwa, halafu imepatikana kwenye kopo la unga. Jumanne asubuhi mama kavaa nguo za misa, anauliza kwa nini kengele haijalia. Siku nyingine jioni anauliza kama mume wake ameshakata majani ya ng'ombe, na mzee yuko kaburini tangu 2004, pale pale nyuma ya nyumba, masale yamezunguka.

Akaandika kwenye grupu la familia: "Jamani mama anasahau sana siku hizi, tumpeleke hospitali." Majibu yakaja haraka. "Uzee huo shemeji." "Tumuombee." Dada yao aliyeko Ujerumani akatuma vitamini na soksi za sufu. Shangazi mmoja akatuma sauti ya dakika sita, anazunguka weee, mwishowe anagusia kwamba kuna mtu kwenye ukoo ana mkono wake. Hakumtaja, ila kila mtu alielewa aliyelengwa ni yule asiye wa ukoo kwa damu.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, mama alishusha sauti kwenye simu. "Baba, mimi hapa sili. Mke wa mdogo wako ananinyima chakula."

Saa moja kabla alikuwa amekula bakuli zima la mtori.

MC hakuuliza. Alipiga simu ya shemeji hapo hapo, na shemeji alikuwa sokoni, simu iko spika kwa sababu kioo chake kimepasuka sikioni. "Nyumba nimejenga mimi, hela ya chakula natuma mimi, halafu mama yangu analala njaa? Wewe ni mtu wa aina gani?" Akina mama waliokuwa wanauza ndizi walisikia yote. Shemeji akasema, "Sawa shemeji," akakata. Baada ya hapo hakuandika tena kwenye grupu. Hata neno moja.

Ndiyo maana wakati mama alipoteleza mara ya kwanza mwezi wa sita, familia haikujua. Na mara ya pili pia.

Wasiopajua Kibosho wanadhani Moshi ni joto tu. Ukiwa mjini, sawa. Ukipanda huko juu mwezi wa saba, ukungu unashuka mpaka mlangoni na baridi inaingia kwenye mifupa. Mama alikuwa analala na zile soksi za Ujerumani. Jumamosi moja saa tano usiku aliamka, akautafuta mlango wa nyumba ya zamani, ule unaolia. Soksi za sufu juu ya marumaru.

MC alikuwa jukwaani. Simu ilitikisika mfukoni mara nne wakati yuko katikati ya ile kilo ya sukari ya 1983. Watu walicheka, akainama, akapokea tuzo. Alipoipiga ile namba akiwa kwenye maegesho, alisikia mama analia nyuma na shemeji anasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Mama ameanguka. Mguu umegeuka. Tunatafuta gari."

Nyonga ilikuwa imevunjika.

Kesho yake jioni, kwenye hospitali moja mjini Moshi, daktari kijana aliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa jepesi. "Kabla ya kuanguka, mama alikuwaje?"

"Mzima kabisa, Dokta," akasema MC. "Kumbukumbu yake hata wewe humfikii."

Shemeji alikuwa pembeni ameshika beseni. Daktari akamgeukia. "Na wewe dada ndiye unayeishi naye?" Shemeji hakujibu. Aliweka beseni chini, akafungua mkoba, akatoa daftari la shule, lile la kurasa themanini, jalada limeloa mafuta.

Tangu siku ile ya simu ya sokoni alikuwa anaandika. Si kwa ajili ya daktari. Alikuwa anaandika ili siku ikifika ya kukaa kikao cha ukoo, awe na ushahidi kwamba hakumnyima mama wa watu chakula. "Jumatatu. Saa mbili mtori, bakuli moja. Saa tatu anasema hajala. Nimempa tena, nusu." "Alhamisi. Amekula kiburu. Ameniita jina la marehemu dada yake." "12 Juni. Ameteleza kwenye kizingiti cha choo. Hajaumia." "20 Juni. Ameamka ghafla, akasema dunia inazunguka, ameanguka kwa magoti." Kurasa na kurasa, kwa mwandiko wa darasa la saba, tarehe zote zipo.

Daktari alilisoma amesimama. MC alisoma kwa nyuma ya bega la daktari, na watu waliokuwepo wanasema alipofika kwenye ile mitori alitoka nje.

Watu wengi wanadhani kuanguka kwa mzee ni bahati mbaya, kama mvua kukukuta njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wazee ndio wanaoongoza. Nyuma ya anguko moja huwa kuna mambo mengi yamejipanga foleni: macho yenye mtoto wa jicho, presha inayoshuka mtu akisimama ghafla, dawa zinazolewesha, misuli ya miguu iliyopungua, taa iliyoungua na haijabadilishwa. Na ubongo. Kutembea kunafikiriwa, ingawa ukiwa kijana huoni. Mwenye demensia, ule ugonjwa wa kusahau, anashindwa kupima umbali wa kizingiti, hakumbuki swichi iko wapi, hakumbuki kwamba jana aliambiwa asiamke peke yake. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii huanguka zaidi ya wazee wenzao, na kuna familia zinazogundua kusahau baada ya mfupa kuvunjika.

Baada ya upasuaji mama alichanganyikiwa kabisa. Alimwita nesi mama mkwe, akataka kung'oa mpira wa dripu. MC akataka apimwe kichwa hapo hapo. Daktari akakataa. Maumivu, dawa za usingizi, hata maambukizi ya mkojo tu, vinaweza kumvuruga mzee kwa siku kadhaa au wiki, na ukimpima wakati huo unapima vurugu, humpimi yeye. Atulie kwanza, vipimwe sukari na damu, halafu warudi.

Walirudi mwezi wa kumi. Mama na fremu ya kutembelea, MC na shemeji, kiti kimoja kitupu katikati yao.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo? Mvua zinanyesha kwenu?" Salamu zote, moja baada ya nyingine. MC akatabasamu.

Kisha akaambiwa ataje wanyama wote anaowakumbuka kwa dakika moja. Ng'ombe. Mbuzi. Kondoo. Ng'ombe. Akanyamaza. "Na ng'ombe," akasema. Mwanamke aliyefuga maisha yake yote. Akasomewa maneno kumi, akaambiwa ayashike. Akaulizwa daraja ni nini. Hilo alijibu vizuri tu: la kuvukia mto, na kama mvua imenyesha sana usipite. Mwisho daktari akatoa kiberiti mfukoni, akapanga njiti chache mezani kwa umbo fulani, akampa na yeye njiti zake. "Bibi, panga kama hivi."

Mama alizishika. Akazipanga zote kwa mstari mmoja, kama kuni. Akaziangalia. Akazikusanya, akazifunga kwenye ncha ya kanga na kusema anampelekea mkwe wake, maana kiberiti nyumbani kimeisha.

Yale maneno kumi, hakukumbuka hata moja.

Zile njiti, kwa taarifa yako, hazikutoka Ulaya zikiwa zimeiva. Vipimo vya zamani vya kumbukumbu vilimtaka mtu achore, aandike, apige hesabu za kutoa. Mpe kipimo hicho bibi ambaye hakwenda shule, atafeli kwa sababu ya kalamu, na utamwandika mgonjwa wakati hana tatizo. Watafiti wa KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walilikuta tatizo hilo hapo jirani tu, wilaya ya Hai. Walipita kwenye vijiji sita wakawachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa wenye demensia ni kama 6.4 kwa kila mia, baada ya kusawazisha umri. Haipishani sana na nchi za wenzetu. Ile habari kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu, kwamba sisi tunakula ndizi na hewa ya mlima, iliishia hapo. Kipimo chenye njiti, kinachoitwa IDEA, kilitengenezwa huko huko ili mhudumu wa afya wa kijijini akitumie kwa mtu asiyejua kusoma.

Waliangalia na mengine. Presha: kati ya wazee wa Hai wa umri huo, karibu saba katika kumi walikuwa nayo, na wengi walikuwa hawajui. Presha isiyotibiwa inaharibu mishipa midogo ya ubongo, na hiyo ni mojawapo ya njia za kufikia kusahau. Kisha wakakaa na familia kuuliza wanauonaje ugonjwa huu. Wengi walisema ni uzee tu. Lile lile la kwenye grupu. Tangu 2003 Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee, yenye ahadi ya matibabu bure kwa wasio na uwezo, lakini matibabu bure hayamsaidii mtu ambaye nyumbani wameshaamua kwamba haumwi.

Dawa ya kuponya haipo, na daktari hakumficha MC. MC akauliza kama India wanayo. Hawana. Akauliza Marekani. Huko nako hawana. Duniani wenye ugonjwa huu walikadiriwa kufika milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya nusu wako kwenye nchi kama zetu. Ila kuna la kufanya. Huko Hai watafiti walijaribu vikao vya kuchangamsha akili, vikao 14 kwa wiki saba, wazee wanakaa kikundi, wanaimba, wanashika vitu vya zamani, wanazungumza. Waliopitia walionyesha nafuu, ya akili na ya maisha.

Akili yake ya kwanza MC ilikuwa kumchukua mama Dar. Chumba cha kiyoyozi, msichana wa kumhudumia, kila kitu. Daktari alimuuliza swali moja: huko Dar, choo kiko upande gani wa kitanda? MC, ambaye hajawahi kukosa la kusema mbele ya watu mia nane, akakosa.

Mama alibaki Kibosho. Marumaru za njia ya chooni zilifunikwa kapeti la mpira lililogandishwa chini, zikawekwa taa ndogo zinazowaka usiku kucha na bomba la kushikia ukutani. Soksi zikaenda kwa wajukuu, vikaja viatu vyenye soli ya mpira. Kitanda kikageuzwa ili mlango uwe upande ule ule uliokuwa nyumba ya zamani. Hilo la kitanda lilikuwa wazo la shemeji. Asubuhi mama anachambua maharage na akina mama wawili wa jirani, wanaimba nyimbo za kanisani. Maneno ya nyimbo hajapoteza hata moja. Hela MC anayotuma sasa ina fungu la shemeji mwenyewe, kila mwezi. Baadhi ya watu kwenye grupu hawakulipenda hilo. Na wao walikuwa hawajawahi kutuma hata elfu kumi.

Lilibaki jambo moja, na jambo hilo halikuwa la kutuma kwa simu.

Mwaka huo MC alipanda mlimani mapema, kabla ya watu. Alifika jioni, ukungu umeshashuka. Hakuingia ndani. Alikwenda mpakani mwa kihamba akachuma jani la isale, lile lile linalozunguka kaburi la baba yake. Kwa Mchaga hahitaji kuelezwa: aliyekosa akikuletea isale, ameweka kiburi chake chini, na si rahisi kulikataa. Akasimama mlango wa jikoni, suti ya safari, jani limeshikwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameandaa maneno. Hayakutoka.

Shemeji alikuwa anakoroga mtori. Aliliona jani, akaendelea kukoroga. Muda ukaenda. Alishatukanwa mbele ya soko zima, na hapa hapakuwa na soko, palikuwa na migomba tu.

Mama alikuwa karibu na moto, kanga mbili begani. Alimwangalia yule mwanaume mlangoni kutoka juu mpaka chini kwa heshima, kama unavyomwangalia mgeni.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "mpokee. Huyu mtoto wa watu anapigwa baridi."

Shemeji akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani, akalichomeka juu ya kabati la vyombo. Kisha akatoa bakuli tatu.